Usiruke kidonge cha kukojosha kwa sababu ya safari

Chukua mfano wa mama anayeugua moyo. Kila anaposafiri kwa matatu, hakimezi kidonge chake akihofia kubanwa na haja ndogo njiani. Jioni miguu huwa imevimba, na usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi.

Je, kidonge hiki hufanyaje kazi? Figo huchuja damu, kisha hurudisha mwilini sehemu kubwa ya maji na chumvi. Dawa ya kukojosha huzizuia kurudisha chumvi yote, na chumvi inapotoka, maji huifuata. Hivyo uvimbe hupungua, mapafu hupata nafuu na moyo hupunguziwa mzigo. Aina nyingine za dawa hizi huteremsha shinikizo la damu.

Frusemaidi huanza kazi kwa muda wa saa 1, na nguvu zake huisha baada ya saa 6 hivi. Kwa hivyo msomaji, badala ya kuiacha, muulize daktari kama waweza kuimeza alasiri ukisharudi nyumbani.

Wala usiazime kidonge cha jirani ili upunguze unene. Utapoteza maji, si mafuta, pamoja na potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa.