Maji ya Machimbo ya Masara na Ushahidi wa Gegereka (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi wachimbaji wadogo wa Masara, katika Kaunti ya Migori, wanavyosaga mawe yenye dhahabu, wakaupitisha unga wake juu ya ubao ulioinama, kisha wakaukanda mchanga mzito uliobaki kwa zebaki ndani ya karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Linalobaki kuulizwa ni madhara ya maji yatokayo katika kazi hiyo kwa viumbe yanapofika mtoni.

Kipimo cha kikemia hujibu nusu tu ya swali hilo. Maabara huweza kutaja mikrogramu za zebaki, yaani sehemu za milioni za gramu, zilizomo katika lita moja ya maji, lakini maji ya ukanda wa dhahabu wa Migori hayana sumu moja. Miamba yake ina arseniki, na upande wa Macalder, ambako mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa katika miaka ya 1960 na kuacha malundo ya mabaki, kuna shaba pia. Sumu kama hizi zikikutana huweza kuzidishiana au kupunguziana makali kwa namna ambayo orodha ya tarakimu haionyeshi. Hata ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka, hupunguza ukali wa shaba.

Ndiyo maana wanasayansi humtumia dafnia, gegereka wa maji baridi, yaani mnyama wa kundi moja na kamba na kaa, asiyezidi takriban milimita 5. Mwili wake unapitisha nuru kiasi kwamba moyo wake huonekana ukidunda chini ya hadubini, naye hula kwa kuchuja maji bila kukoma, hivyo kilichomo majini humpitia mwilini. Hali ikiwa nzuri, majike huzaa bila dume, na watoto hufanana kinasaba na mama. Kwa hiyo wakidhurika kwa viwango tofauti, sababu hutafutwa ndani ya maji, si katika ukoo.

Utaratibu wa shirika la OECD, unaojulikana kwa namba 202, hutumia dafnia wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa. Maji yanayopimwa huzimuliwa kwa maji safi kwa viwango visivyopungua vitano, na kila kiwango hupewa dafnia 20, huku wengine wakiwekwa katika maji safi pekee ili kulinganisha. Baada ya saa 48 chombo hutikiswa polepole, na dafnia asiyeweza kuogelea katika sekunde 15 zinazofuata huhesabiwa kuwa amelemaa. Ikiwa nusu yao wamelemaa katika mchanganyiko wenye robo moja tu ya maji ya machimbo, basi maji hayo, hata yakiongezwa maji safi mara tatu ya ujazo wake, bado yanalemaza nusu ya viumbe hao, na jibu hilo hata mzee wa kijiji asiyejua kemia hulielewa. Kwa zebaki iliyoyeyuka, mikrogramu chache katika lita hutosha kuleta matokeo hayo.

Hata hivyo, spishi inayofugwa zaidi maabarani, *Daphnia magna*, si mwenyeji wa Ziwa Victoria, ambako maji ya mto huishia. Katika Kaunti ya Homa Bay, kwenye ufuo wa ziwa hilo, wavuvi wa omena, yaani dagaa, humjua vizuri ochonga, kamba mdogo anayenaswa pamoja na omena na kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Jina lake la kisayansi ni *Caridina nilotica*, na watafiti wa Afrika Kusini wamekwisha kumtumia katika vipimo vya sumu. Kumpima yeye ni kulipima ziwa lenyewe.

Lakini kipimo cha saa 48 kisifanywe cheti cha usalama. Bakteria wa matope hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza kutoka kiumbe mdogo hadi samaki mkubwa kama mbuta, na dafnia anayeogelea vizuri leo hasemi lolote kuhusu samaki atakayeliwa mwakani. Samaki hao sharti wapimwe peke yao.

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinastahili kuanza vipimo hivi viwili, cha gegereka na cha samaki, sasa, kabla na baada ya mvua za masika, na matokeo yasomwe barazani, mbele ya wachimbaji na wavuvi wenyewe.