Kingamwili za Kichaa cha Mbwa: Kipimo ni Jeraha, si Kilo

Chukua mfano wa mtoto wa kilo 20 aliyeng'atwa shavuni na mbwa asiyejulikana kule Matema, wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Anahitaji vitu vitatu siku hiyohiyo: maji tele na sabuni kwa dakika 15, chanjo, na kingamwili zilizo tayari zinazodungwa ndani ya jeraha lenyewe. Hicho cha tatu ndicho adimu. Duniani kote, kati ya watu wenye majeraha makubwa ya kuumwa na mbwa, wanaopata kingamwili hawafiki asilimia 2.

Chanjo inaufundisha mwili kujitengenezea kinga, na mafunzo hayo huchukua siku 7 hadi 14. Kirusi hakisubiri. Kinapanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na shavu liko jirani na ubongo kuliko kisigino. Kingamwili za kudungwa zinaziba pengo la siku hizo. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika, kwa hiyo kuziba pengo hilo ndiko uhai wa mtoto.

Sasa tupige hesabu. Kwa kanuni ya zamani, kingamwili zinazotokana na damu ya binadamu hupimwa kwa uzito: yuniti 20 kwa kila kilo. Mtoto wetu anahitaji yuniti 400. Baba yake wa kilo 60 angehitaji 1,200. Kichupa cha mililita 2 hubeba yuniti 300, kwa hiyo mtoto anafunguliwa vichupa 2, na baba 4, yaani mililita 8. Zile za damu ya farasi huhitaji yuniti 40 kwa kilo. Zipo pia zinazotengenezwa maabara bila damu ya mtu wala ya farasi. Mojawapo, iliyoidhinishwa India mwaka 2016, hutumia yuniti 3.33 tu kwa kilo, na mwaka 2021 kingamwili za aina hiyo ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini kidole kilichotobolewa na jino hakimezi mililita 8. Miaka mingi kilichobaki kilidungwa pajani, mbali na jeraha, mahali ambapo kirusi hakipo. Huko Shimla, India, madaktari waliokuwa na akiba ndogo waliamua kudunga kwenye jeraha peke yake. Wagonjwa 269 walitibiwa hivyo na wote walikuwa hai walipofuatiliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo: dunga jeraha, kinachobaki kwenye kichupa kigawiwe mgonjwa mwingine kwa usafi unaotakiwa. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kwa wilaya kama Kyela. Dawa iliyoonekana ya hospitali za kitajiri imegeuka kuwa dawa ya kugawana.

Kiasi cha chanjo kinachohitajika nacho kimepungua. Ya kuchoma kwenye msuli hula vichupa 4 au 5 kwa mtu mmoja. Ya kuchoma ndani ya ngozi ni mililita 0.2 kwa siku, mara tatu: siku ya kwanza, baada ya siku 3, baada ya siku 7. Jumla 0.6. Wagonjwa wakija siku moja, kichupa kimoja huwatosha wawili au zaidi.

Mzigo unaobaki ni wa familia. Wastani wa dunia kwa matibabu haya, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea, ni dola 108. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2013 nao ulikuta mgonjwa wa kijijini akitumia zaidi ya dola 100 kumaliza dozi. Dola ikiwa Sh 2,500, ni kama Sh 270,000. Pima hapo ni magunia mangapi ya mpunga.

Makadirio ya muda mrefu ni vifo 1,500 kwa mwaka nchini, na duniani wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Chanzo ni mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa hukatika. Sensa ya 2012 iliipa Kyela watu 221,490. Tukichukulia mbwa mmoja kwa watu 20, ni mbwa 11,000 hivi, na wa kuchanjwa ni 7,750. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2009 ulipata gharama ya dola 1.73 kumchanja mbwa mmoja katika vijiji vya wakulima wafugaji. Bei zimepanda, tuseme dola 4: jumla dola 31,000, sawa na kutibu watu 287. Tena mbwa hajui mpaka, na Mto Songwe hauzuii kitu, hivyo Malawi lazima ichanje wake pia.

Hata hivyo, mtoto wa Matema hawezi kusubiri kampeni ya mbwa. Kingamwili zinaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Maana yake vichupa vichache vikitunzwa kwenye jokofu mjini Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka ziwani, kwa ajili ya majeraha ya kichwa, uso, shingo na mikono, bado wakati upo wa kuvifikia. Wanaopanga bajeti ya dawa ya mkoa waviweke. Nawe mzazi, osha jeraha kwanza, dai chanjo siku hiyohiyo, kisha uliza kingamwili ziko wapi.