Mbwa aliyevunjika mguu ahitaji zaidi ya plasta

Mbwa wengi katika miji yetu hugongwa na magari. Wenye bahati hufikishwa kwa daktari wa mifugo, mfupa ukaunganishwa kwa vyuma au plasta, na mwenyewe akalipa pesa ambazo si haba. Kisha mnyama hurudishwa nyumbani, akafungwa mnyororo kando ya kibanda na kuachwa huko apone. Miezi miwili baadaye mfupa umeshikana barabara, lakini mbwa angali anatembea kwa miguu mitatu. Mwenyewe hulaumu daktari.

Mara nyingi daktari hana makosa. Kilichokosekana ni mazoezi ya viungo, yale yale ambayo binadamu hupewa hospitalini baada ya ajali.

Msuli usiotumika hupungua haraka. Zungusha viganja kwenye mapaja yote mawili ya mbwa wako na utahisi tofauti bila kuhitaji kipimo chochote. Kiungo kisichokunjwa nacho hukakamaa. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wa mbwa waliovunjika mfupa wa paja. Mguu ukifungwa ukiwa umenyooka, au mtoto akiuburuta bila kuukunja, msuli wa mbele ya paja waweza kushikamana na mfupa katika muda wa wiki chache tu. Hapo goti hukataa kukunjika na mguu hubaki kama fimbo. Hali hiyo ikishakomaa, kuirekebisha ni vigumu sana na wengine huishia kukatwa mguu. Kuizuia ndiko rahisi.

Jambo la kwanza ni kumuuliza daktari aliyemtibu ni kiungo kipi chaweza kuchezeshwa, na kuanzia siku gani. Usibahatishe, kwani mfupa usioshikana waweza kuachana tena. Na kiungo kilichomo ndani ya plasta hakiguswi.

Daktari akikubali, mlaze mbwa kwa ubavu juu ya blanketi, mguu mgonjwa ukiwa juu. Shika kwa mkono mmoja juu ya kiungo na kwa mwingine chini yake. Kunja polepole hadi uhisi kizuizi, kisha nyoosha. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akigeuza kichwa ghafla, akinguruma au kuvuta mguu, umepita kiasi. Kumbuka kwamba hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu, kwa hiyo watoto wa nyumbani wasiachiwe kazi hii.

Katika siku tatu za mwanzo baada ya upasuaji, barafu iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kwa dakika kumi hupunguza uvimbe. Baadaye, uvimbe ukishaisha, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hulegeza misuli kabla ya mazoezi.

Hatua inayofuata ni kumsimamisha. Pitisha taulo chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo na umwinue kidogo tu, ili miguu yake ibebe uzito inaouweza. Tembeeni hivyo dakika tano, polepole. Ni polepole inayomlazimu kukanyaga kwa mguu mgonjwa. Akikimbia ataukunja na kuruka kwa mitatu. Baadaye mfundishe kuketi na kusimama mara tano mfululizo, kwa kipande kidogo cha chakula. Zoezi hilo huimarisha mapaja kuliko kuzurura uani kutwa nzima.

Sakafu ya vigae au saruji iliyosuguliwa huteleza, na mgonjwa akianguka mara moja huogopa kusimama tena. Tandika magunia au mkeka wa mpira. Punguza chakula pia, maana mbwa asiyekimbia hunenepa upesi na kila kilo ya ziada huelemea mguu ule ule.

Onyo moja ni zito. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen na diclofenac huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, na tembe moja tu ya paracetamol yaweza kumuua paka. Daktari wa mifugo anazo dawa za wanyama.

Tena, mazoezi haya ni ya mbwa ambaye ajali yake inajulikana. Mbwa aliyepooza miguu bila sababu, anayedondosha mate na ambaye taya limelegea, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbie hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa mbwa wa ajali, wiki mbili za mazoezi zikipita bila yeye kugusa chini kwa mguu, au kidonda kikianza kutoa usaha, au goti likizidi kuwa gumu kila siku, mrudishe kwa daktari kabla ya tarehe aliyokupa.