Kipimo Kisicho na Jina: Rada, Mvua ya Mawe na Wakulima wa Nyansiongo

Mvua ya mawe ikipiga shamba la chai, hasara huonekana kabla barafu haijayeyuka. Yale majani mawili na chipukizi ambayo mchumaji huyatafuta huwa yamechanika na kutapakaa chini, na mche huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuchipua tena. Wakulima wa Nyansiongo, katika eneo la Borabu, kaunti ya Nyamira, wanalijua jambo hili vizuri. Wanaishi kwenye nyanda za juu zilizo mashariki ya Ziwa Victoria, ukanda mmoja na Kericho, ambao huhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kwenye mawingu ya Kericho kuyanyunyizia ayodidi ya fedha, kwa matumaini ya kuyapunguza mawe hayo. Siku hizi tegemeo limehamia kwenye kuona mapema na kupima vizuri, na chombo kikuu cha kazi hiyo ni rada, iwe imesimikwa ardhini au imebebwa na setilaiti. Hoja yangu ni kwamba kipimo cha rada kisicho na jina lililokubaliwa na wote hakijakamilika, hata kama chombo chenyewe kimegharimu mamilioni, na kwamba nchi zetu zinapaswa kulidai jina hilo kwa bidii ile ile zinayotumia kudai chombo.

Rada haipimi mvua, wala chai, wala unyevu wa udongo. Hutuma mawimbi ya redio, husikiliza mwangwi unaorudi, kisha huandika namba. Mengine yote ni hesabu za binadamu. Sifa yake kubwa ni kuona usiku na kupenya mawingu, na sifa hiyo ina thamani ya pekee Nyansiongo, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi na picha za kawaida za setilaiti mara nyingi huishia kuonyesha wingu tupu. Setilaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutumia mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 5.6, na kila moja hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Data zake hutolewa bure. Mtaalamu wa RCMRD, kituo cha ramani cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1975 na ambacho makao yake yako Kasarani, Nairobi, anaweza kuzipakua na kuchunguza namna mashamba ya chai yanavyotofautiana na mahindi, malisho au mikaratusi. Mwanafunzi wa Nyamira mwenye kompyuta na intaneti anaweza vilevile. Wawili hawa wakikutana kulinganisha walichopata, swali la kwanza litakuwa la majina.

Mwangwi mmoja wa setilaiti huweza kuandikwa kwa namna tatu, ambazo wataalamu huziita beta, sigma na gama. Kinachozitofautisha ni eneo ambalo nguvu ya mwangwi inagawanywa kwalo: beta hutumia eneo linalopimwa kufuata mstari wa kutazama wa rada, sigma hutumia eneo la ardhi lililolala chini, na gama hutumia eneo linaloukabili mwale moja kwa moja. Kwenye ardhi tambarare, sigma na gama hutofautiana kwa takriban desibeli 0.6 mwale ukiwa na mwinamo wa nyuzi 30, na kwa desibeli 1.5 ukifika nyuzi 45. Kwenye milima na mabonde ya Nyamira hali ni ngumu zaidi. Mteremko unaoitazama setilaiti hung'aa na ule wa upande wa pili hufifia, hata kama yote miwili imepandwa chai ya aina moja siku moja, mpaka mtu afanye marekebisho ya umbo la ardhi. Faili ikiandikwa tu kwamba ina "mwangwi wa rada", msomaji hawezi kujua ni namna ipi kati ya hizo tatu, wala kama milima imesharekebishwa.

Mtego mwingine uko kwenye desibeli zenyewe. Chukua vipande viwili vya shamba, kimoja kina mwangwi wa desibeli −10 na kingine −20. Anayejumlisha desibeli na kugawa kwa mbili atapata −15. Anayerudi kwanza kwenye nguvu halisi atakuta kipande cha kwanza ni 0.1 na cha pili ni 0.01, wastani wake ni 0.055, yaani desibeli −12.6. Jibu la pili ndilo linaloeleza nguvu iliyorudi kweli, na linalizidi la kwanza karibu mara 1.7. Tofauti kama hiyo inatosha kumfanya mtu adhani udongo umelowa au zao limevunwa, ilhali kilichobadilika ni hesabu ya ofisini. Hakuna kati ya wawili hao aliyekosea kujumlisha. Kilichokosekana ni maelezo yaliyoambatana na namba, yakitaja ni kitu gani na kiko kwenye kizio kipi.

Upande wa rada za hali ya hewa zilizosimikwa ardhini, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu maonyo hutolewa kwa dakika. Fomula maarufu ya Marshall na Palmer ya mwaka 1948 hugeuza mwangwi kuwa kiasi cha mvua: mwangwi wa 40 dBZ (desibeli zinazotumiwa na rada za hali ya hewa) hutoa takriban milimita 11.5 kwa saa, na wa 45 dBZ hutoa takriban milimita 24. Kosa la desibeli tano tu, basi, huzidisha mvua mara mbili. Mawe ya barafu yanaivuruga fomula hiyo kabisa, maana hurudisha mwangwi mkali usiolingana na maji yaliyomo. Isitoshe, mwangwi uliosafishwa na ule ambao haujasafishwa huweza kuitwa jina moja katika faili mbili, na katika nchi ya milima ule wa pili una kilima ndani yake kinachoonekana kama wingu la mvua.

Kasi ya upepo inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Rada hupima kasi ya matone yanayoikaribia au yanayoiacha, lakini alama ya kujumlisha ina maana gani, kukaribia au kuondoka? Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea nchi kavu, hupanda nyanda za juu na kukutana na pepo za mashariki, ndiyo maana ngurumo na mawe huja alasiri. Usiku mwelekeo hugeuka, na dhoruba huzaliwa juu ya maji, ambako makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka. Anayesoma alama kinyume ataona upepo wa mchana mahali pa ule wa usiku.

Dawa ya haya ipo. Kanuni za CF, zilizotengenezwa kwa ajili ya data za tabianchi na utabiri na ambazo toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2003, zina orodha ya majina rasmi, na kila jina lina maelezo yake na kizio chake. Jina rasmi la kasi ya rada linataja ndani yake kwamba kasi hiyo huhesabiwa kwa kitu kinachokwenda mbali na chombo, hivyo swali la alama linakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. Mwangwi kutoka ardhini nao una jina lake, na mwangwi wa mawingu una lake. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka muundo wa pamoja wa data za rada uliojengwa juu ya msingi huo. Mkulima wa chai ataelewa haraka kwa nini hili ni muhimu. Kituoni hulipwa kwa kilo ya majani mabichi, ilhali mnadani Mombasa bei hutajwa kwa kilo ya chai iliyosindikwa, ambayo huhitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kilo ni kilo, lakini asiyeuliza ni kilo ya nini atadhani ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa, au ataibiwa bila kujua.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu wanaelewana bila majina marefu, na kwamba anayetilia shaka asome mwongozo wa chombo. Hilo linawezekana watu wakiwa wachache na wako katika jengo moja. Lakini data huishi kuliko ajira ya mtu. Anayetaka kujua kama mvua za Nyamira zimebadilika atahitaji rekodi za miaka 30, na nyingi atakuwa hakuzipima yeye. Tena siku hizi msomaji wa kwanza wa faili ni kompyuta, na kompyuta haina mwenzake wa kumpigia simu. Kuhusu urefu wa majina, kanuni za CF hazimnyang'anyi mtu jina lake fupi: kila kituo hukiita kipimo kinavyotaka ndani ya faili, na jina rasmi hukaa kando yake kama kitambulisho.

Pingamizi zito zaidi ni la vipaumbele. Nchi yenye rada chache, husemwa, inunue rada kwanza, majina yatafuata. Nakubali kwamba jina halina kazi pasipo chombo. Lakini vitu hivi viwili havigombei fedha zile zile, kwa kuwa rada hugharimu mamilioni ya dola na kuandika majina sahihi hugharimu kazi ya siku chache za programu. Na idadi ndogo ya rada ndiyo sababu ya kuharakisha. Rada ya Mwanza, ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iko takriban kilomita 300 kutoka Nyansiongo. Kwa umbali huo, kutokana na mviringo wa dunia, mwale wake wa chini huwa umefika kilomita saba au nane angani, na huona vilele tu vya dhoruba. Hakuna rada moja itakayoliona bonde lote la ziwa. Uganda, Rwanda, Tanzania na Kenya zinahitajiana, na picha ya pamoja haiwezi kuunganishwa ikiwa kila nchi ina maana yake ya neno lile lile.

Wengine watauliza kwa nini tufuate orodha iliyoandikwa Ulaya na Marekani. Ni swali la haki, na jibu lake ni kuingia kwenye mjadala. Majina ya CF hupendekezwa hadharani, hujadiliwa hadharani, na yeyote aweza kuleta pendekezo lenye jina, kizio na maelezo. Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama kamili wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Tukikaa kando, dhoruba za nyanda za juu za ikweta zitaelezwa na watu ambao hawaishi chini yake.

Jambo hili lina uzito wa fedha pia. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha bima ya mifugo katika kaunti kame, ambako malipo yalitegemea hali ya malisho ilivyopimwa na setilaiti. Siku bima ya aina hiyo itakapoitegemea rada kwa wakulima wa chai, namba itakuwa mkataba, na mkataba unaotaja "mwangwi" bila kusema ni upi utamfikisha mkulima mahakamani bila silaha. Kwa hiyo kila zabuni ya rada, kila mradi wa ramani wa kaunti na kila tasnifu ya chuo kikuu inayotumia data hizi idaiwe majina rasmi, vizio na maelezo kabla haijapokelewa. Mtandao wa rada wa kanda bado unajengwa, na kulifanya hili sasa ni rahisi. Tukichelewa, data za kila mwaka zitahitaji kurekebishwa, na baadhi hazitarekebishika kamwe, kwa sababu waliojua maana yake watakuwa wamestaafu bila kuiandika popote.