Kupiga Kambi na Watoto Mara ya Kwanza: Kodi Hema, Linda Pesa Zako

Watoto wamefunga shule na umewaahidi watalala kwenye hema kando ya ziwa. Unatafuta mtandaoni, unaona hema safi, bei poa, na mwenyewe anakuambia, "Tuma nusu sasa hivi, kuna mwingine analitaka." Ngoja kwanza. Panga mahitaji, kisha ulipe.

Gawa vitu mara tatu

Vya nyumbani: blanketi, mikeka, sufuria, tochi, jerikeni ya maji ya kunywa na jiko la gesi. Hivyo unavyo tayari, usinunue vingine.

Vya kukodi: hema. Kama utalitumia siku mbili tatu kwa mwaka, mbona ulinunue?

Vya kununua: vile tu vinavyokosekana. Blanketi la ziada utalipata kwenye mitumba ya Kibuye siku ya Jumapili. Usibane pesa kwa neti yenye dawa. Eneo la ziwa ni kati ya sehemu za Kenya zenye malaria nyingi, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio huumia zaidi.

Unapokodi hema

1. Lione likiwa limesimamishwa. Vuta zipu, hesabu vigingi, limwagie maji uone kama linavuja.
2. Lipa ukiwa hapo hapo, ikiwezekana kwa till ya biashara. Jina likitokea kwenye simu, lisome. Likiwa geni, katisha.
3. Mkubaliane kwa meseji: bei, siku ya kurudisha, na pesa utakazorudishiwa. Piga hema picha kabla ya kuondoka nalo, msije mkabishana baadaye.
4. Usifute meseji ya malipo.

Ukimtumia mtu usiyemjua na atoe pesa hizo, kuzirudisha huwa kazi ngumu. Ndiyo maana anakuharakisha.

Mlale wapi?

Usiku wa kwanza uwe karibu na nyumbani, mahali penye mlinzi na choo, kwa mfano upande wa Dunga. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, mnafika hospitali haraka. Hema liwe mbali na ufuo, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Watoto wasicheze ziwani, kuna kichocho. Na jiko lisiingie ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na inaua.

Kisiwa cha Ndere, mbuga ya kitaifa tangu 1986, kiachieni safari ya pili. Huko mnafika kwa boti, na kila mtoto lazima awe na jaketi la kuokoa maisha linalomtosha. KWS haipokei pesa taslimu, kwa hivyo maliza malipo ya eCitizen kabla hujatoka nyumbani.

Likizo ya Aprili huangukia mvua za masika. Ya Agosti ni afadhali.

Kabla ya kuondoka

Acha pesa ya dharura kwenye simu, ya tuktuk na dawa, na mbebe pawabenki iliyojaa chaji. Mwenzako naye awe na salio kwake, simu moja ikizima msikwame.

Na kama kawaida: PIN ni yako peke yako. Usimpe mwenye hema, wala mtu anayepiga akidai anatoka kwetu.