Matandazo ya bustani: bei ndogo si faida

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye bustani kwenye kichanga hulipia maji ambayo mengi hayaufaidii mche: mengine huzama, mengine hukaushwa na jua. Matandazo hupunguza hasara hiyo, ila mnunuzi asitazame bei tu.

Pumba za mpunga hudumu, lakini upepo huzipeperusha. Maranda ya mbao yasichanganywe na udongo. Yakianza kuoza huinyang'anya mimea naitrojeni. Kwa mboga, nyasi kavu zisizo na mbegu ndizo zenye faida: huoza mapema na kukiwezesha kichanga kushika maji. Gharama yake ni kuongeza mara kwa mara.

Tuta la mita 1 kwa 4, kwa unene wa sentimita 5, huhitaji madebe 10 ya lita 20. Shina liachiwe nafasi.