Sura ya Sita: Duka la Oktoba

Watoto wa Naivasha huijua zawadi kwa upande wake wa nyuma. Mtoto wa Karagita au Kasarani anajua kwamba siku za kuelekea tarehe 14 Februari mama hurudi usiku, miguu imevimba, kwa sababu ovataimu ya pakhausi haina huruma hadi masanduku ya waridi yaondoke kwenda uwanja wa ndege Nairobi. Anajua kwamba shina la waridi hupimwa kwa sentimita, likawekwa pamoja na yaliyo kimo kimoja nalo, kumi kumi au ishirini ishirini. Februari ikipita inaingia Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, kisha Jumapili ya akina mama ya Waingereza, ambayo huja kabla ya Pasaka. Sehemu kubwa ya mji huu inakula kwa kufunga zawadi za watu wa mbali. Sasa muulize mtoto huyo ni lini yeye mwenyewe alichagua kitu, akakifunga, akampa mtu. Wengi watakuangalia tu.

Duka ninalolieleza hapa linampa mtoto nafasi hiyo kwa dakika tano. Marekani ni jambo la kawaida: shule za msingi hufungua duka la zawadi kabla ya Krismasi, chama cha wazazi na walimu kikalisimamia, na mara nyingi kampuni ikaleta bidhaa kwa mali kauli, yaani uza kwanza ulipe baadaye, kisichouzwa kirudi. Mtoto anaingia na bahasha yenye pesa na orodha ya watu wake, anatoka na mfuko. Ukilihamisha duka hilo hadi kando ya Ziwa Naivasha jinsi lilivyo, litakwama mahali pawili. Kwanza kalenda. Pili, na hapa ndipo penye kazi, pesa.

Kalenda kwanza, maana haina maneno mengi. Muhula wetu wa tatu hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, na ukikaribia kufungwa shule inakuwa ya mitihani. Desemba hakuna mtoto darasani. Wiki inayofaa ni ile iliyo kati ya Siku ya Mazingira, tarehe 10 Oktoba, na Mashujaa, tarehe 20. Maana yake ni kwamba zawadi itakaa zaidi ya miezi miwili kabla ya tarehe 25 Desemba, kwa hiyo sahau keki, sahau biskuti, sahau chochote chenye sukari. Tena familia nyingi za mashambani mwa maua zinaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Mtoto atakificha wapi kitu kwa miezi miwili? Chini ya kitanda ndiko kuliko na kila kitu cha nyumbani. Na Desemba ikifika, wengi wanafunga mizigo kwenda ushago, Nyanza au Magharibi au Kisii, nauli ikiwa imepanda, kwa hiyo zawadi ya nyanya lazima iingie kwenye begi lililokwisha kujaa.

Mimi nimeacha kuwaambia watoto wangoje Krismasi. Anayetaka kutoa jioni hiyohiyo na atoe. Ndiyo sababu pia siliiti duka la Krismasi. Naivasha ina watoto Waislamu, na Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Duka la kufunga mwaka linawatosha wote.

Bidhaa, basi. Kutoka Naivasha hadi Nairobi ni kilomita 90 hivi, na aliye na nusu siku anaweza kushuka Nyamakima au Kamukunji akarudi na magunia mawili. Nunua kwa dazeni. Tafuta vitu ambavyo mtu mzima atavitumia Jumatatu: mwiko, chujio la chai, kitana, soksi, kitambaa cha kichwa, sabuni ya kipande, daftari dogo la kuandikia madeni, kamba ya kuanikia nguo. Vitu vya kuchezea viwe vichache, vya wadogo zao waliobaki nyumbani. Vioo acha, na visu acha. Manukato ya bei rahisi ndiyo yatakayokushawishi zaidi, kwa sababu watoto watayakimbilia, lakini nusu yatakuwa yamemwagika kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia.

Ungedhani katika mji wa maua duka lijae maua. Nilijaribu kuwaza hivyo, nikaacha. Ua halingoji, na mama aliyeshika mashina tangu alfajiri hana hamu ya kuletewa jingine. Kinachofaa zaidi kutoka hapahapa ni vitu vya mikono, kwa mfano vikapu vidogo vya mafunjo au vipande vya ngozi ya kondoo vilivyobaki kwa wanaoshona kofia zile zinazouzwa kando ya barabara juu ya Mai Mahiu. Mwenye vipande hivyo akielewana nawe, kipande kimoja ni mto wa kukalia wa babu.

Kufungia tumia gazeti kuukuu na katani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na hata isingepigwa, mtoto anayefunga kwa gazeti hujifunza kukunja pembe.

Sasa pesa. Mara ya kwanza niliposimamia duka hili, katika shule ambayo sitaitaja, niliwaambia watoto waje na walichonacho. Lilikuwa kosa langu na nililiona kabla ya saa nne. Mvulana mmoja wa gredi ya tano alikuja na noti ya 500. Akanunua vitambaa vyote vya kichwa, vyote, kwa sababu angeweza. Nyuma yake alisimama msichana aliyeshika sarafu ya shilingi tano, ile ya kifaru, ameibana mpaka kiganja kimekuwa na alama. Hakukuwa na kitu cha shilingi tano. Alitazama meza kwa adabu kama mgeni, akarudi darasani. Siku ile meza yangu ilifundisha somo moja tu, nalo ni somo ambalo watoto wale walikuwa wamelijua kabla hawajazaliwa.

Tangu hapo pesa haifiki mezani. Wazazi wanaoweza humpa mwalimu wa darasa mchango wiki mbili mapema, huyu 40, yule soo, mwingine hana, na zote zinaingia chungu kimoja. Siku ya duka kila mtoto, bila kubagua, anapewa bahasha ya kaki yenye tiketi nne. Kila tiketi ina picha ya simba na ni sawa na shilingi kumi. Wazo la simba tuliliazima kwenye sarafu zenyewe: Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu binafsi kwenye pesa, na sarafu zilipotoka upya Desemba 2018 zikaja na wanyama, twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Mtoto wa gredi ya kwanza, ambaye mada ya fedha ndiyo kwanza anaisoma kwenye Hisabati, husoma mnyama upesi kuliko tarakimu. Kwa hiyo bei mezani huandikwa kwa simba: simba mmoja, wawili, watatu. Hakuna kinachozidi watatu, ili kila mtoto abaki na angalau tiketi ya kuwazia mtu wa pili.

Hesabu yake ni nyepesi. Shule ina watoto 300, kila mmoja ana tiketi za shilingi 40: hizo ni 12,000. Panga bei ili kwa kila 40 anazotumia mtoto, bidhaa ziwe zilikugharimu 35. Utatumia 10,500 sokoni na 1,500 zitabaki kwa nauli, katani na kalamu. Faida nyingine usitafute. Najua kuna shule zitakazotaka duka liwanunulie mpira au rangi ya ukuta, na sibishani na mahitaji yao, ila hizo ni harambee; ziitwe harambee na zifanywe siku nyingine.

Chungu kisipojaa je? Kikifika 9,000, kila mtoto apate tiketi tatu. Kikifika 6,000, mbili. Hapa nitakuwa mkali: usimpe mmoja nne na mwingine mbili, hata kama mzazi wa huyu wa tiketi nne ndiye aliyetoa 500, na hata akija ofisini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto wa shule ya umma anyimwe masomo kwa ajili ya malipo; duka la zawadi haliwezi kuwa kali kuliko sheria. Mchango ni wa hiari, na neno hilo liandikwe kwenye barua ya wazazi kwa herufi kubwa. Duka lenyewe lipite pia kwenye bodi ya shule, lisiwe la mwalimu.

Pengo linaweza kuzibwa na bustani. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021, na klabu yenye matuta kumi ya sukuma wiki inaweza kuuzia majirani muhula mzima. Mashamba ya maua nayo huombwa. Yale yenye cheti cha Fairtrade hupata nyongeza ya asilimia 10 juu ya bei ya maua, na kamati ya wafanyakazi wenyewe ndiyo inayoamua itumikeje; karo na shule zimefaidika nayo kwa miaka mingi. Ukiomba huko, kumbuka unaomba pesa za wazazi walewale. Mimi ningeanza na sukuma.

Siku yenyewe, ingiza watoto kumi kumi. Wauzaji wawe wa gredi ya sita, wawili kila meza, na mwalimu akae mlangoni, mbali. Hili la mwalimu kukaa mbali huwa gumu kwetu. Mwalimu akimwona mtoto ameshika kitana ambacho hakimfai baba mwenye upara, ulimi unamwasha. Auzuie.

Mwaka mmoja nilimtazama mtoto wa gredi ya pili. Alichukua mwiko, akauzungusha, akaurudisha. Akachukua chujio, akaliweka jichoni, akatazama dirisha kupitia waya. Akalirudisha. Akazunguka meza, akarudi palepale.

"Hii ni pesa ngapi?"

"Simba wawili," akasema muuzaji. "Ni ya nani?"

"Ya mama. Huwa anachuja chai na kitambaa."

Muuzaji akafungua mdomo, nadhani alitaka kumwonyesha soksi, akaufunga. Akakata kipande cha gazeti. Chujio ni kitu kigumu kufunga, mpini wake hutoboa karatasi, na wale wawili walihangaika nalo mpaka foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Mwishowe waliliviringa mara tatu na kufunga katani shingoni. Lilionekana wazi kuwa chujio. Mtoto akaandika MAMA kwa penseli, akaondoka nalo amelificha ndani ya sweta.

Jioni hesabu tiketi na bidhaa mbele ya mzazi mmoja na mwalimu mmoja, andikeni, watie sahihi. Muuzaji wa jumla anayekufahamu atakubali kurudishiwa dazeni ambayo haijafunguliwa; kubalianeni kabla hujalipa. Iliyofunguliwa ni yako. Mwaka ule tulibaki na vitana saba na machujio manne. Vitana viligawiwa gredi ya sita kwa kazi waliyofanya. Machujio mawili yalikwenda jikoni na mawili chumba cha walimu, na moja la chumba cha walimu bado linatumika.